Waacheni Watoto Watoke Darasani

Ipo imani inayowaunganisha mzazi wa Mbagala, mwalimu mkuu wa Kahama na mjumbe wa bodi ya shule kule Kakamega: kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi akitoka darasani anapoteza muda. Ziara inaitwa starehe. Bustani inaitwa ushamba. Maigizo na kazi za vikundi zinaitwa kelele, na kwenda kuzibua mfereji wa mtaa ni kumtumikisha mtoto wa watu. Masomo, kwa imani hii, ni dawati, ubao, daftari na karatasi za mitihani iliyopita. Ndiyo maana mtoto akiingia darasa la saba kipindi cha michezo hugeuka kuwa cha hisabati, watoto hufika shuleni kabla jua halijachomoza vizuri na kutoka likiwa linazama, na baadhi huwekwa kambini, wakilala kwenye magodoro madarasani, ili maswali ya miaka ya nyuma yapigwe mpaka yaishe.

Imani hiyo ni potofu, na wanaoilipia gharama ni watoto wasio na pa kusemea.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya madarasa yenyewe. Kwa miaka mingi wapimaji wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, walikwenda nyumba kwa nyumba nchini Tanzania, Kenya na Uganda, wakimpa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili pamoja na hesabu nyepesi za kujumlisha na kutoa. Ripoti baada ya ripoti imeonyesha jambo lilelile: sehemu kubwa ya watoto wa darasa la tatu wanashindwa kuisoma hadithi hiyo, na wapo wanaofika darasa la saba wakiwa bado hawaiwezi. Watoto hao hawakukosa kusoma kwa sababu walikuwa ziarani, wala hakuna aliyewapeleka bustanini wakasahau kurudi. Walikuwa wameketi pale pale wanapotakiwa kuketi, watatu au wanne kwenye dawati moja, wakinakili kilichoandikwa ubaoni. Na mtoto anaweza kunakili ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri bila kuelewa sentensi moja.

Mtihani wenyewe umeisaidia imani hii kustawi. Mwaka 2012 Tanzania ilipoanza kusahihisha mtihani wa darasa la saba kwa mashine, hata hisabati ikawa ya kuchagua jibu na kusiliba herufi yake. Shule zikajifunza upesi kufundisha kusiliba. Kenya nako mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulilea kwa karibu miaka arobaini biashara nzima ya karatasi za mazoezi na masomo ya likizo, hata Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikabidi iyapige marufuku masomo hayo. Nchi inapolazimika kutunga sheria ili mtoto wa miaka kumi apate likizo yake, kuna kitu kimeharibika katika maana ya neno kusoma.

Sasa litazamwe somo moja tu, historia, na mahali pamoja tu, Kilwa. Kitabu kinamwambia mtoto wa Kilwa Masoko kwamba Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331 na kuusifu mji. Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza viko Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari, na UNESCO iliyaingiza magofu hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Watalii husafiri kutoka mabara mengine, hupanda mashua na kwenda kuyaona. Mtoto aliyezaliwa ufukweni hapo anakariri tarehe. Angevushwa, angehesabu matao na kupima ukumbi kwa hatua zake. Angegusa ukuta uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, akarudi kumuuliza babu yake chokaa hiyo ilichomwaje. Akipewa karatasi ya kuchora ramani ya msikiti kwa vipimo alivyovipata mwenyewe, kwa asubuhi moja na nauli ya mashua atakuwa amesoma historia, hisabati na sayansi, na hatahitaji kukaririshwa mwaka 1331 mara ya pili.

Katika mkoa huohuo wa Lindi kipo kilima cha Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria. Mmojawapo amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake kikipita mita 13, na watoto wa Berlin hupelekwa na walimu wao kumtazama. Hao wanahesabiwa kuwa wako masomoni. Kwa nini mtoto wa Lindi akipelekwa kilimani kuona mahali mifupa hiyo ilipotoka ahesabiwe kuwa ametoroka masomo?

Upande wa afya, imani hii inagharimu zaidi ya alama. Kichocho hufundishwa kwa mchoro ubaoni: konokono, kijidudu, mtu, mkojo, maji, konokono tena. Watoto huuchora, hupata vema, na jioni wanaingia kuogelea kwenye dimbwi lilelile. Unguja na Pemba, katika mradi mkubwa wa kutokomeza maambukizi ya kichocho ulioendeshwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2017, njia nyingine ilijaribiwa sambamba na dawa na kuua konokono. Walimu walipewa mafunzo. Watoto walifundishwa kwa michezo na maigizo, wakaonyeshwa michezo salama ya kucheza nje ya maji badala ya kukatazwa tu, na jamii zikashirikishwa kutafuta suluhisho, zikiwemo sehemu za kufulia zilizo mbali na mito. Shule ilitoka nje ya uzio wake kwa sababu ugonjwa haukuwa ndani ya uzio. Mtoto aliyeelewa kwa nini asijisaidie kwenye kijito huwa mwalimu wa wadogo zake wanne, na hakuna ubao unaofika huko.

Zanzibar ina mfano mwingine unaostahili kusifiwa bila kusita. Kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, kina hifadhi ya matumbawe iliyotangazwa rasmi mwaka 1994, na kwa miaka mingi mapato ya wageni yamegharamia ziara za bure kwa wanafunzi wa visiwani. Wanaowaongoza ni walinzi wa hifadhi, baadhi yao waliokuwa wavuvi kabla ya kazi hiyo. Maelfu ya watoto wamepita hapo. Wengi ni watoto wa wavuvi, wanaoishi hatua chache kutoka baharini, lakini hawajawahi kutia uso majini wakaona tumbawe likiwa hai. Wasichana hasa, ambao mara nyingi hawafundishwi kuogelea, hukutana hapo kwa mara ya kwanza na kitu kinachowalisha nyumbani kwao. Mtu atakayesema siku hiyo ilipotea na athibitishe ni kipindi gani cha ubaoni kingewapa watoto hao elimu hiyo.

Wanaoipinga hoja hii wana silaha moja nzito, nayo ni historia. Wengi wao walilima shuleni, na waliyoyapitia hayakuwa elimu.

Ni kweli. Machi 1967, majuma machache baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba shule inamtenga mtoto na jamii yake, kwamba inamfundisha kudharau kazi ya wazazi wake, na kwamba mtihani umepewa ukubwa usio wake. Alitaka shule ziwe na mashamba na karakana, ila kwa masharti ambayo wengi wameyasahau: wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, kazi ihusishwe na wanachosoma, na matunda yake wayaone katika maisha yao wenyewe shuleni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likasisitiza kwamba kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mtihani.

Waliotekeleza walichukua jembe wakaacha fikra. Jembe likawa adhabu: aliyechelewa analima, aliyepiga kelele anachota maji, na darasa la tano linapalilia shamba la mwalimu. Mahindi yalivunwa, fedha hazikusomwa mbele ya mtu yeyote. Mzazi aliyekulia katika utaratibu huo ana haki kabisa ya kukunja uso akisikia mwanawe amepewa jembe. Lakini kinachomkera ni kutumikishwa, na kutumikishwa hakuponywi kwa kumfungia mtoto darasani. Kunaponywa kwa kurudisha masharti yale. Tuta la mchicha linalopimwa urefu na upana na watoto wenyewe, likaandikiwa daftari la siku za kupanda, kumwagilia na kuvuna, mboga zikauzwa au zikaingia kwenye uji na makande ya shule, na watoto wakahesabu shilingi na kuamua zinunue nini, hilo ni somo. Tuta lilelile likilimwa na watoto sita waliochelewa paredi, ni adhabu. Kenya ilikuwa na klabu za 4K tangu mwaka 1962, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, nazo zikafifia mashuleni hadi serikali ilipozifufua mwaka 2021. Zitadumu au zitakufa tena kutegemea nani ameshika daftari, mwanafunzi au mwalimu.

Hoja ya pili ni usalama, na hii haifai kujibiwa kwa wepesi. Mei 6, 2017, basi dogo la shule moja ya msingi ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Nchi nzima ililia. Tangu hapo wapo wazazi wasiotaka kusikia neno safari, na hakuna mwenye moyo atakayewalaumu. Lakini ukweli ulio wazi kuhusu siku ile ni kwamba watoto wale hawakuwa wakienda mbugani wala makumbusho. Walikuwa wa darasa la saba, wakienda kufanya mtihani wa ujirani mwema na shule nyingine. Mitihani ya aina hiyo haikukoma. Kinachotakiwa ni magari kukaguliwa, idadi ya abiria kuheshimiwa na madereva kuchunguzwa, iwe watoto wanakwenda kwenye mtihani au kuona twiga. Hofu inayofuta ziara na kuacha safari ya mtihani ikiendelea hailindi mtoto.

Kisha huja gharama. Kenya ilipoeneza mtaala wa umilisi, CBC, katika madarasa ya kwanza kuanzia mwaka 2019, wazazi walilalamika kwamba kila wiki wanaagizwa manila, rangi, picha za kuchapisha, na kazi nyingine za nyumbani zinaishia kufanywa na mama baada ya kutoka kibaruani. Mwaka 2021 malalamiko yakafika mahakamani. Walilalamika kwa haki. Kazi ya mikono inayohitaji duka la vifaa imepoteza njia. Lakini kosa la kununua manila halithibitishi kwamba mtoto hapaswi kutengeneza kitu. Vizibo vya soda vinafundisha kuzidisha. Mizani ya muuza nyanya inafundisha gramu kuliko picha ya mizani. Na somo la huduma kwa jamii, ambalo mtaala huo umeliweka wazi, halihitaji nauli: zahanati ipo, mashine ya kusaga ipo, ofisi ya mtendaji ipo, kisima kipo, na bibi asiyeweza kuchota maji naye yupo nyumba ya tatu.

Inafaa kutazama pia wenye fedha wanafanya nini. Shule za binafsi za ada kubwa, Dar es Salaam na Nairobi, hujitangaza kwa mabwawa ya kuogelea, klabu, ziara za mbugani, siku za kupanda miti na maonyesho ya sayansi. Wazazi wenye uwezo hulipia hayo kwa hiari, wakijua yanamfungua mtoto akili. Mtoto wa shule ya serikali ndiye anayeambiwa kwamba mambo hayo yatamfelisha. Kwa hiyo imani inayojifanya kumtetea maskini inamnyima kile kile ambacho tajiri anamnunulia mwanawe.

Mwalimu mwenye watoto 120 darasani atauliza awatoe vipi nje, na swali lake ni la kweli. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 madarasa ya Tanzania yamefurika, na hakuna waraka wa wizara unaoweza kumpa mwalimu huyo macho ya ziada. Hata hivyo darasa la watoto 120 linashindikana zaidi likiwa limefungwa kuliko likigawanywa makundi sita chini ya miembe, kila kundi na kamba ya kupimia, huku mjumbe wa kamati ya shule na wazazi wawili wakisaidia kusimamia. Fundi seremala, nesi wa zahanati na mvuvi wanaweza kuwa walimu wa nusu saa. Kinachokosekana mara nyingi ni ruhusa, kwa sababu mwalimu mkuu anaogopa afisa elimu kata atakayepita na kukuta madarasa matupu.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mtaala mpya ulioanza kutumika Tanzania Januari 2024 unasisitiza umahiri, yaani mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, na maofisa elimu wakiukubali kwa dhati wataacha kuhesabu madawati yenye watu na kuanza kufungua madaftari. Kila shule itenge nusu siku mbili kwa muhula, ziingie kwenye andalio la somo, pawe na swali la kutafutiwa jibu kabla ya kutoka na kazi ya kuandika baada ya kurudi. Wazazi nao, kwenye kikao kijacho, baada ya kuuliza shule imeshika nafasi ya ngapi wilayani, waulize pia darasa la tano limetoka mara ngapi muhula huu, limekwenda wapi, na limerudi na nini kwenye madaftari yake.