Wavutaji wanapungua, waliobaki tusiwaache peke yao



Mwaka 1965 nchini Marekani, zaidi ya watu wazima 40 katika kila 100 walivuta sigara. Mwaka 2022 walibaki takribani 12. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kwamba mwaka 2000 mtu mzima mmoja kati ya watatu duniani alitumia tumbaku. Mwaka 2022 alikuwa mmoja kati ya watano.

Wamarekani hao hawakuwa watakatifu kuliko wazazi wao. Mwaka 1964 mganga mkuu wa serikali yao, Luther Terry, alitangaza kuwa sigara husababisha saratani ya mapafu. Yakafuata maonyo kwenye pakiti, matangazo ya redio na televisheni yakapigwa marufuku, kodi ikapanda, ofisi na ndege zikakataa moshi. Jamii nzima ilimsaidia mvutaji kuacha.

Sisi tumezoea kumwambia, "Acha, unajiua," kisha tunaondoka. Lakini nikotini humfunga mtu kwelikweli, na wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Anayeanguka leo anahitaji mkono wa kumwinua, wala asisimangwe. Mtume Paulo alipowakumbusha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, aliiandikia jumuiya nzima. Basi kulitunza hekalu hilo ni kazi yetu sote.

Novemba 2017, Papa Fransisko aliamua kwamba Vatikani iache kuuza sigara kuanzia mwaka uliofuata. Biashara hiyo ilikuwa na faida, ila Kanisa haliwezi kushiriki katika jambo linaloharibu afya za watu.

Je, ndugu yangu mwenye duka, unayekuja kupokea Komunyo kila Dominika, unawauzia watoto wa jirani sigara moja moja? Na wewe baba, ni nani unayemtuma akakununulie? Mtoto huyo anajifunza njia ya kwenda dukani kabla hajajua mwisho wake.

Wiki hii, katika Jumuiya yenu Ndogo Ndogo, mtafuteni mmoja anayetaka kuacha. Salini naye, msindikizeni akamwone mganga, na siku ya tatu, tamaa inapomzidi, mpigieni simu. Akianguka, anzeni naye tena.

Nawatakia Dominika njema.