Gari lililofungwa halijui Pwani wala bara

Septemba 2022, huko Al Wakrah nchini Qatar, mtoto wa kike alifariki baada ya kusahauliwa ndani ya basi la shule. Siku hiyo hiyo alikuwa akitimiza miaka 4. Alisinzia njiani, basi likafungwa, viti havikukaguliwa. Wizara ya Elimu ikaifunga shule. Siku chache kabla yake, mjini Makinohara, Japani, mtoto wa miaka 3 alifariki vivyo hivyo. Mwalimu aliona hayupo darasani, lakini hakuwapigia wazazi simu.

Wengi wetu husema hayo ni mambo ya Ghuba, jua la Waarabu. Si kweli. Watafiti wa Stanford walichapisha vipimo mwaka 2005: nje nyuzi 22 tu, ndani ya gari 47 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya joto hilo hupanda nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakusaidii sana. Basi hata mzazi wa Masara, Migori, asiamini ubaridi wa asubuhi. Sisi wa Mombasa na Malindi ndio kabisa. Mwili wa mtoto mdogo hupanda joto mara 3 hadi 5 upesi kuliko wetu.

Tangu Aprili 2023 Japani inalazimisha mabasi ya chekechea yawe na king'ora cha kumkumbusha dereva kukagua viti. Magari mengi ya shule zetu ni mitumba ya huko huko. Tusingoje king'ora. Muulize dereva wa mwanao: nani hutembea hadi kiti cha nyuma kabla mlango haujafungwa?