Gogo Lipimwe Kabla ya Kununua Chombo

Mwenye shamba dogo la mikaratusi hutaabika zaidi siku ya kutoa magogo kuliko siku ya kukata miti. Ndipo hushawishika kununua chombo cha kwanza akionacho dukani. Katika nyumba moja ya Teso, mashariki ya Uganda, mume alikusudia kumwuza maksai mmoja kati ya wawili wa jembe ili apate fedha za winchi ya mkono. Mkewe akamwuliza: "Baba, gogo moja lina kilo ngapi?" Hakuna aliyejua.

Hesabu yake si ngumu. Gogo bichi la mkaratusi lenye urefu wa meta 3 na unene wa sentimeta 30 hukaribia kilo 200. Likiburutwa lote chini, huhitaji nguvu ipatayo nusu ya uzito huo, na zaidi penye tope. Nao maksai wawili wa kienyeji, wenye kilo 250 kila mmoja, huvuta kwa saa nyingi kiasi cha sehemu moja ya kumi tu ya uzito wao, yaani kilo 50. Wakilazimishwa kuvuta mara mbili ya hapo kutwa nzima, shingo huchubuka chini ya nira, na msimu wa kulima huwakuta hawafai.

Dawa ni kuinua kichwa cha gogo. Ekseli ya gari bovu, magurudumu yake mawili, na upinde wa chuma uliochomelewa juu yake hubeba karibu nusu ya uzito. Kinachoburuzwa ni mkia peke yake. Kazi hiyo yawezekana kwa fundi yeyote wa kuchomelea. Mume na mke wale walifuata njia hiyo, na maksai wote wawili wakabaki zizini.

Winchi si chombo kibaya. Mahali pake ni kwenye mteremko mkali ambapo mnyama hawezi kusimama, na Teso kwa sehemu kubwa ni tambarare. Trekta nalo, kwa robo hekta ivunwayo mara moja baada ya miaka mingi, afadhali likodiwe.

Kwenye kufunga, uwekevu usizidi. Kamba ya nailoni hutanuka, nayo ikikatika hurudi kwa kishindo na kumjeruhi mtu. Mnyororo wenye kulabu ndio ufaao. Uwe mrefu wa kutosha ili gogo lisigonge miguu ya nyuma ya wanyama. Penye kuteremka, kichwa cha gogo kishushwe chini kabisa, maana msuguano ndio breki pekee iliyopo. Watoto, ambao hupenda mno kuandamana na kazi hii, wakae upande wa juu wa mteremko, wala asitumwe hata mmoja kuweka jiwe mbele ya gurudumu linalokwenda.