Mtama wa Mwami na Samadi ya Milimani

Aliyeko Bujumbura akitazama mashariki huiona milima ikipanda ghafla. Huko juu, wala si katika bonde la Imbo lenye joto na malaria, ndiko ufalme wa Burundi ulikopata nguvu. Mvua zilitosha, mbung'o walikuwa haba, ng'ombe wakastawi. Nayo samadi yao ikarutubisha migomba iliyozunguka rugo, yaani boma la jamaa. Shamba la namna hiyo halihamishiki, tena hutaka miaka mingi ya utulivu.

Wafalme walilijua hilo. Kila mwaka, hadi desturi hiyo ilipokoma zama za ukoloni, Mwami aliongoza Umuganuro, sherehe ya mtama. Ngoma zikalia, ndipo raia wakapanda. Mtama hukaa shambani miezi kadhaa, na nani atapanda iwapo hajui kama atakuwapo kuuvuna?

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vililidhihirisha jambo hilo kwa uchungu. Ng'ombe wengi waliibwa au kuchinjwa, na jamaa nyingi zikakimbilia kambini au Tanzania. Waliporejea walikuta mvua ileile na kilima kilekile. Samadi ndiyo haikuwapo.