Mgonjwa wa Figo na Hati ya Makazi

Mgeni aliyehamia Marekani kwa njia ya halali, akapewa hati ya makazi ya kudumu, akafanya kazi na kulipa kodi sawasawa na mwenyeji, hana haki ya kuingia katika Medicaid, bima ya serikali kwa mafukara, mpaka itimu miaka 5. Ndivyo ilivyohukumu sheria aliyoitia saini Rais Bill Clinton mwezi wa Agosti 1996, ingawa baadaye majimbo yaliruhusiwa kuwasamehe watoto na waja wazito. Wakimbizi, na miongoni mwao maelfu ya ndugu zetu wa Kongo wasemao Kiswahili, waliepushwa na kungoja huko. Lakini sheria ya Julai 2025 imewatoa nao, kuanzia Oktoba 1, 2026, mpaka wapate hati ya makazi ya kudumu.

Wako wasemao kwamba hazina ya nchi ni amana ya raia, na kauli hiyo siidharau. Lakini hazina hiyo hailipi kidogo kwa kumfungia mgeni mlango; hulipa kwa kuchelewa, kwa kuwa sheria ile ya 1996 imeridhia kugharimia dharura.

Mtazame mgonjwa wa figo asiye na hati yoyote, ambaye naye hulipiwa dharura tu. Figo zikifa, damu hutaka kusafishwa kwa mashine, aghalabu mara 3 kwa juma. Naye, katika majimbo kadhaa, huambiwa arejee nyumbani angoje, mpaka maji yamjae mapafuni, pumzi imkatike, na moyo wake ukaribie kusimama, ndipo apokewe katika chumba cha dharura, asafishwe, atolewe, na baada ya siku chache ayarudie mateso yale yale. Wallahi, sijui ni faida gani inayoipata dola katika kumngojea mja afikie ukingo wa kaburi. Madaktari wa Denver na wa Texas waliochunguza jambo hili walikuta kwamba wagonjwa hao hufa kwa wingi zaidi, na tiba yao ni ghali kuliko ya wale wanaosafishwa damu kwa ratiba.

Mwaka 2019 jimbo la Colorado lilikubali kwamba figo zilizokufa ni dharura kila siku, likaanza kulipia usafishaji wa kawaida kutoka katika fungu lile lile la dharura, bila ya Bunge la Washington kubadili hata herufi moja. Majimbo yanayosita yana mamlaka hayo hayo, na nayataka yayatumie sasa, kabla ya kuanza kubishana juu ya ile miaka 5.