Mfanyakazi wa Jumba la Maduka ni wa Nani?



Wengi wetu tunashinda katika mashamba ya chai na miwa, au mbele ya mashine kiwandani. Mtu akituletea habari za majumba makubwa ya maduka ya huko Asia, tutamwambia kwamba hayo ni mambo ya watu wa mjini. Sisi tunasema hapana. Hila inayotumika huko ni ile ile inayotumika shambani kwetu, na yafaa tuijue.

Katika nchi ya Ufilipino kuna kampuni ya ardhi na majumba iitwayo SM Prime. Ndiyo yenye majumba ya maduka ya SM, zaidi ya 80 nchini humo, na mengine huko China. Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Henry Sy, aliyezaliwa China mwaka 1924 na kuletwa Manila akiwa mtoto, alifungua duka la viatu mjini humo mwaka 1958. Mwaka 1985 alifungua jumba lake la kwanza kubwa la maduka katika mji wa Quezon City, na mwaka 1994 kampuni ya SM Prime ikaundwa. Alipofariki Januari 2019 alikuwa akihesabiwa kuwa tajiri wa kwanza nchini Ufilipino.

Hatumwonei mtu wivu kwa bidii yake. Tunauliza tu: katika jumba la namna hiyo, mfanyakazi ni wa nani?

Mwenye jumba hupata fedha zake kwa kodi ya pango. Mwenye duka ni mpangaji wake. Mlinzi wa mlangoni na mfagiaji wa sakafu mara nyingi huletwa na wakala, na hata wauzaji wengi wa madukani huletwa hivyo. Basi mfanyakazi akidai haki yake, mwenye jumba humwambia, "Mimi nakodisha tu." Mwenye duka humwambia, "Nenda kwa wakala." Wakala naye husema, "Mkataba wako umekwisha." Watu watatu wanakula jasho lake, na hakuna hata mmoja anayekubali kuwa mwajiri wake.

Na mkataba huo huisha upesi kwa makusudi. Sheria ya kazi ya Ufilipino ya mwaka 1974 inasema muda wa majaribio usizidi miezi 6. Baada ya hapo mfanyakazi awe wa kudumu. Waajiri wengi wa nchi hiyo wamejibu kwa mkataba wa miezi 5. Ukiisha, mtu hutolewa na kuingizwa mwingine, au yeye mwenyewe huanza upya kama mgeni. Wafanyakazi wa huko wameipa hila hiyo jina: "endo", yaani mwisho wa mkataba. Imeenea madukani, viwandani na mashambani. Rais Duterte aliahidi katika uchaguzi wa 2016 kwamba ataikomesha. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuibana, lakini mwezi Julai alikataa kuutia sahihi.

Ahadi za wakubwa ndivyo zilivyo. Lakini wafanyakazi wa mashamba ya ndizi katika nchi hiyo hiyo walitafuta njia nyingine. Kampuni ya Sumifru ilidai kwamba wafungashaji wa ndizi zake si watu wake, bali ni wa wakala. Chama chao hakikukubali. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2017 ikaamuliwa kwamba Sumifru ndiyo mwajiri. Hata hivyo kampuni ilisita kukaa mezani na chama, na Oktoba 2018 wafanyakazi waligoma. Tujifunze kwamba hukumu peke yake haitoshi. Lazima pawe na chama cha kuisimamia.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Hapa Uganda kanuni za ajira za mwaka 2011 zinakataza mtu kuwekwa kibarua kwa zaidi ya miezi 4. Ikipita miezi hiyo anastahili mkataba wa maandishi. Ni wangapi kati yetu wanaohesabu miezi yao? Ni wangapi wanaosimamishwa wiki chache kisha wakaitwa tena, kana kwamba hawajawahi kulishika panga la shamba hilo?

Kwa maoni yetu, vyama vyetu vina kosa moja la kurekebisha. Tumezoea kuandikisha wanachama kwa jina la mwajiri aliye kwenye karatasi ya mshahara. Wakala akiwa mwajiri wa karatasi, vibarua wake tunawaacha nje, nasi tunabaki wachache. Tuandikishe kwa lango. Kila anayeingia kufanya kazi kwa lango moja, awe wa kudumu, kibarua, mlinzi au mpishi, awe katika tawi moja.

Na kila mmoja wetu aandike katika daftari siku aliyoanza kazi, na siku ya malipo, na aitunze kila karatasi anayopewa. Siku ya kudai, mwenye tarehe zake mkononi si rahisi kuambiwa kwamba hajulikani.

Umoja ni nguvu, lakini umoja unaomwacha kibarua nje ya lango ni nusu ya umoja.