Staa Wetu, Nesi Uliyemrekodi Alikuwa na Wagonjwa Wangapi?

Haya wadau, ile klipu najua wengi mmeshaiona. Staa mmoja wa kike, simtaji, nyie mnamjua, kampeleka ndugu yake hospitali usiku, kamkuta nesi kasinzia mezani. Akatoa simu, akarekodi, akarusha. Asubuhi kila mtu anataka nesi afukuzwe kazi.

Mimi namuuliza dada yetu kitu kimoja tu: usiku ule yule nesi alikuwa na wagonjwa wangapi? Maana kwenye hiyo klipu nimehesabu vitanda saba upande mmoja, na anayeonekana ni yeye peke yake.

Mtasema namtetea. Jamani, manesi wenye mdomo mchafu wapo, dada zetu wametukanwa sana leba, hilo sipingi. Ila mwaka jana nilimuuguza mzee wangu siku sita, na nililala pale pale chini kwenye mkeka. Usiku wa pili tulikuwa na wagonjwa 34 na manesi wawili. Mara mmoja akaitwa wodi nyingine, akabaki mmoja. Huyo huyo agawe dawa, apime presha, abadilishe dripu, ajaze mafaili. Glovu zikaisha, akaniomba nikanunue duka la dawa la nje pamoja na kanula. Mimi moyoni nikajua hapa napigwa hela.

Saa nane dripu ya mzee ikaisha, nesi haji. Nikamfuata nimevimba, nikamfokea mbele za watu, "Mnalipwa kwa kodi zetu!" Kumbe alikuwa kitanda cha mwisho, mgonjwa ndio amekata roho muda ule. Akaniambia, "Samahani kaka, niko peke yangu." Akamfunika yule marehemu, akanawa mikono, akaja kumbadilishia mzee dripu. Hata pole sikumpa. Mpaka leo inanisumbua.

Sasa mtu kama huyo alfajiri akiinamisha kichwa dakika kumi, mnataka afukuzwe, halafu nani abaki na hao wagonjwa?

Hili si la Bongo tu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kwamba dunia ina upungufu wa wauguzi karibu milioni 6. Lakini kinachoniuma mimi ni cha hapa mtaani. Nimemaliza fomu foo na jamaa mmoja, akaenda kusoma uuguzi, diploma anayo kabatani, ajira anaisubiri mwaka wa tatu huu. Saa hizi ni wakala wa pesa za simu pale stendi. Wodi haina watu, na mwenye cheti anatoa risiti za miamala!

Staa mwenye wafuasi wengi vile angeuliza hilo, wakubwa wangeshtuka. Yeye kamrekodi binti wa watu.

Na kingine hamkukiona, nyuma ya yule nesi kuna mama mgonjwa kakaa kitandani, khanga imemvuka. Naye aliomba kuonekana nchi nzima?

Mpaka naandika hapa klipu bado ipo, haijafutwa. Wewe uliyewahi kulala na mgonjwa hospitali, usiku ulihesabu manesi wangapi? Shusha komenti hapo chini, na kama wewe mwenyewe ni nesi ndio kabisa, tunakusikiliza.